Wanafunzi 108, madawati 26, na nimeandikiwa kuwa somo langu halimlengi mwanafunzi

ChakiNyeupe

Habari za kazi wenzangu.

Nafundisha hisabati darasa la nne, shule ya serikali huku Kanda ya Ziwa, mbali kidogo na lami. Kwenye rejista wapo 108. Siku ya mnada wanapungua hadi tisini na kitu. Mkondo mmoja, chumba kimoja, madawati 26. Wanakaa watatu watatu, na thelathini waliobaki wanakaa sakafuni mbele ya ubao, hata kugeuka nageuka kwa tahadhari nisimkanyage mtoto vidole. Najua kiwango ni watoto 45 kwa chumba. Nalitaja ili anayenishauri ashauri akilijua.

Mwezi uliopita tulipata ugeni wa ukaguzi. Mimi nilikuwa ubaoni, nafundisha kulinganisha sehemu, yaani robo, theluthi na nyinginezo. Mgeni alikaa nyuma dakika kama kumi na tano, akaondoka, na kwenye karatasi nikakuta: "Mwalimu anatumia mhadhara. Wanafunzi hawashirikishwi. Aunde vikundi."

Nikaunda. Wiki iliyofuata nilinunua manila tisa na kalamu maki kwa hela yangu, nikawagawa vikundi tisa vya watoto kumi na wawili. Kuhamisha madawati peke yake kulikula dakika kumi na mbili za kipindi cha dakika arobaini. Kisha nikazunguka nikiangalia. Katika kila kikundi mmoja kashika kalamu, mmoja anamwelekeza, wawili watatu wameinama kuangalia, waliobaki wako mbali kabisa. Nyuma kule kuna binti alikuwa anapamba ukingo wa manila kwa maua, maua mazuri kweli, na hakujua swali lilikuwa nini. Vikundi vitatu tu ndivyo vilivyowahi kuwasilisha. Makofi yakapigwa. Kengele.

Jioni nikazitandaza zile manila tisa nyumbani kwangu. Swali lilikuwa moja: kati ya robo na theluthi, ipi kubwa? Manila saba ziliandika robo. Mbili kati ya zile tatu tulizozipigia makofi ziliandika robo.

Sikulala vizuri siku ile. Nilipokuwa chuo cha ualimu, nikamaliza mwaka 2013, tulifundishwa kwamba mwalimu ni mwezeshaji na mtoto ndiye awe katikati. Naliamini hilo hadi leo. Sasa naomba mtu mwenye darasa la watoto zaidi ya themanini, siyo wa semina, aniambie: anafanyaje mpaka mtoto anafikiri mwenyewe, na siyo kukaa duara tu?

Mtaaluma_Kata

Ndugu, pole. Lakini usijitese. Mwisho wa mwaka darasa la nne wana upimaji wa kitaifa, na pale hakuna anayeuliza kama mlikaa duara. Mimi nina 97. Maswali kumi ubaoni kila siku, wanafanya, nasahihisha, anayekosa anarudia. Shule yetu haijawahi kutoka tatu bora za kata. Hayo mambo ya kumweka mtoto katikati yanawafaa wenye watoto 25 na zulia.

ChakiNyeupe

Asante kaka. Kurudiarudia nimekufanya miaka yote, na watoto wangu wanajumlisha vizuri tu. Shida ni kwamba swali likigeuzwa kidogo wanapotea. Ukiwauliza 1/4 + 1/4 wanakujibu haraka, tena wengine wanakuandikia 2/8 kwa mwandiko safi kabisa. Na madaftari 108 ya maswali kumi ni vema 1,080 kila siku. Nikimaliza kuzipiga nimejua nani kakosa. Kwa nini kakosa, sijui.

BibiMwalimu

Mwanangu Chaki, nimesoma nikaona nikujibu kwa kirefu, uvumilie.

Mimi ni mstaafu, niko Korogwe. Nilianza kazi mwaka 1978, wakati wa UPE, ile elimu ya msingi kwa wote, watoto wanamiminika shuleni kama kumbikumbi. Ulipoanza MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, mwaka 2002 madarasa yakafurika tena, na mwaka 2016, ule mwaka wangu wa mwisho kazini, elimu bila malipo ilipoanza, nikaingia darasani nikakuta watoto 131. Mara tatu nimefurikiwa. Kwa hiyo darasa kubwa nalijua, siyo kwa kusimuliwa.

La kwanza: aliyekuandikia uunde vikundi alitaka kuona kitu cha kuonekana. Kikundi kinaonekana ukiwa mlangoni. Kufikiri hakuonekani ukiwa mlangoni, mpaka uingie umuulize mtoto. Usimkasirikie, lakini usimfanyie maonyesho pia. Kikundi cha kumi na wawili siyo kikundi, ni baraza. Wewe tumia dawati. Watatu wale wale waliokaa pamoja ndio wa kusemezana, hakuna kuhamisha kitu. Wa sakafuni wanageukiana wawili wawili. Dakika mbili, basi.

La pili, na hili ndilo lililonisaidia kuliko yote: vidole kifuani. Andika swali lako ubaoni na majibu matatu, 1, 2, 3. Kila mtoto anafikiri kimya, hapo unahesabu moyoni mpaka ishirini. Kisha unasema "onesha", na kila mmoja anaweka vidole vyake kifuani, karibu na mwili, jirani asione. Wewe unatupa macho mara moja na umeshajua darasa zima liko wapi. Ni sekunde kumi. Wakiwa wamegawanyika, usiseme jibu! Waambie kila mmoja amwambie jirani yake kwa nini kachagua hicho. Wakimaliza, uliza tena vidole. Utashangaa.

Baadaye sana, kwenye semina, ndiyo nikaambiwa kuwa kuna profesa wa fizikia Marekani, Eric Mazur wa Harvard, ambaye mwaka 1991 alianza kuwafundisha wanafunzi wa chuo kikuu kwa namna hiyohiyo: swali, kila mtu anachagua, wanabishana na jirani, wanachagua tena. Na wale alikuwa nao ukumbi mzima. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba wingi wa watoto unakataza.

La tatu ni gumu zaidi na naomba ulipokee kwa moyo mweupe. Unaingia darasani na fimbo? Sisemi ya kuchapia, hata ile ya kuoneshea ubaoni. Mtoto aliyewahi kuchapwa kwa kukosa swali hawezi kukueleza kwa nini amefikiri alivyofikiri. Atakutazama usoni atafute jibu unalolitaka. Kanuni zenyewe za viboko, tangu zile za 2002, hazimpi kila mwalimu ruhusa ya kuchapa: ni mkuu wa shule au aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, na ni kwa utovu wa nidhamu uliokithiri. Kukosa hesabu siyo utovu wa nidhamu. Mimi nilichapa watoto kwa kukosa hesabu kwa zaidi ya miaka kumi, na hao ndio ninaowakumbuka sasa nikikaa barazani.

Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, kati ya mambo aliyotaka shule imjengee mtoto, la kwanza kabisa lilikuwa akili ya kudadisi. Kudadisi na fimbo haviingii chumba kimoja.

Jaribu swali lako lilelile la robo na theluthi. Kisha urudi hapa utuambie.

SkuliUnguja

Assalaam alaykum. Bibi umesema kweli tupu. Mimi naongeza dogo tu. Huku kwetu watoto wakitoka skuli wanakwenda chuoni, yaani madrasa ya Kurani, na chuoni utamkuta maalim mmoja na watoto sitini barazani, kila mtoto yuko sura yake na mahali pake. Asubuhi hii mmoja yuko kwenye alifu, mwengine keshafika mbali. Vipi anamudu? Wakubwa wanawasomesha wadogo, na maalim anamsikiliza kila mmoja akishakuwa tayari. Sisi walimu wa skuli tunaona hilo ni jambo la kizamani kisha tunakwenda semina kufundishwa "mwanafunzi kumfundisha mwenzake".

Ila uwaonye wale watoto hodari: kazi yao si kutoa jibu. Kazi yao ni kumuuliza mwenzao "umepataje?" Mimi nimelibandika ukutani neno hilo.

MzaziKilifi

Hamjambo walimu. Mimi si mwalimu, ni mzazi, na niko ng'ambo ya pili ya mpaka, kwa hivyo nitasema machache. Sisi Kenya tumeacha mfumo wa zamani wa 8-4-4. Mtaala wa umilisi ulianza mashuleni mwaka wa 2019, na KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, ukafanywa mara ya mwisho 2023. Nia yake naipenda. Kifungua mimba wangu alisoma ule wa zamani, aliogopa shule kama simba. Mdogo wake wa gredi ya tano anaamka mwenyewe.

Lakini msije mkatumbukia tulikotumbukia. Mtoto anakuja saa kumi na mbili jioni: mama, mwalimu amesema kesho tuje na sanamu ya mnyama, tuje na picha zilizochapishwa kwa rangi. Saibakafe iko mjini, nauli ni ya kwenda na kurudi. Ile sanamu ya twiga nilitengeneza mimi usiku na mume wangu, mtoto amelala. Asubuhi akapewa alama nzuri. Nani alikuwa katikati hapo? Mwalimu Chaki, hizo manila ulizonunua kwa pesa yako zimenikumbusha yule twiga. Kazi ikihitaji pesa ya mzazi ama ya mwalimu, mtoto wa maskini ndiye atakayekaa kando kwanza.

MwlBaiolojia

Mimi ni wa sekondari, Morogoro. Neno umahiri, ndiyo huo umilisi wa Kenya, sisi tumekuwa nalo kwenye mitaala tangu 2005, kwa hiyo mwaka 2024 mtaala ulioboreshwa ulipoanza sikuliona geni. Kitu ambacho semina zote nilizohudhuria hazikukigusa ni lugha.

Mtoto huyu wa Chaki akibahatika kufika kidato cha kwanza anakuta kila kitu kimegeuka Kiingereza. Mimi huwa nachukua kiazi mviringo, nakichimba kishimo juu, naweka chumvi, nakiacha mezani mpaka kipindi kinakaribia kuisha. Kile kishimo kinaanza kujaa maji. Hakuna aliyemimina maji. Nikiuliza kwa Kiingereza maji yametoka wapi, darasa la watu 80 linakuwa kimya kama msibani. Siku nilipoamua kusema, "Haya, semezaneni kwa Kiswahili dakika tano," chumba kililipuka. Mmoja anasema chumvi imeyeyuka, mwingine anasema hapana, gusa kiazi chenyewe, kimelegea, maji yametoka humu humu. Amegusa! Huyo ndiye mtoto aliyekuwa hajanyoosha mkono tangu Januari.

Baada ya hapo ndipo tunatafuta maneno ya Kiingereza pamoja, tunaandika sentensi tatu. Mtihani uko kwa Kiingereza na siwezi kuwadanganya. Lakini mawazo yanatangulia, Kiingereza kinafuata nyuma yake. Chaki, wewe una bahati kubwa ambayo huenda huioni: watoto wako unawauliza kwa lugha wanayoielewa.

ChakiNyeupe

Mwl Baiolojia, asante, ila hata hiyo bahati nami nina nusu yake. Wangu nyumbani ni Kisukuma. Kiswahili ni cha shuleni, na kuna watoto kama kumi na tano ambao hata darasa la nne bado Kiswahili kinawapa kazi. Lakini ulichosema kimenipa wazo. Narudi.

ChakiNyeupe

Shikamoo Bibi. Zimepita wiki mbili, nimerudi kama ulivyoniagiza.

Fimbo niliiacha ofisini siku ileile niliposoma ujumbe wako. Watoto waliona. Mmoja wa mbele aliniuliza, "Mwalimu, umesahau?" Nikamwambia sijasahau. Hawakuniamini kwa siku tatu nne hivi, bado walikuwa wanashtuka nikinyanyua mkono kuandika juu ubaoni.

Jumanne nikaandika lile swali. 1: robo ni kubwa. 2: theluthi ni kubwa. 3: zinalingana. Nikahesabu mpaka ishirini moyoni, na nakuambia ishirini ile ilikuwa ndefu, nimezoea kujibu mwenyewe nikifika tano. Nikasema onesha. Kifuani karibu wote kidole kimoja. Vidole viwili nilivihesabu: tisa. Watoto tisa kati ya 101 waliokuwepo! Na mimi nilishaandika kwenye azimio la kazi kuwa mada imekamilika.

Sikusema jibu. Nikamuuliza binti mmoja wa dirishani kwa nini robo. Akasema, "Kwa sababu nne inaizidi tatu, mwalimu." Alikuwa na sababu. Miaka yote hii nilikuwa naweka mkasi wa kukosa kwenye jibu hilo bila kujua kuwa ndani yake kuna mtoto aliyefikiri. Nikawaambia wasemezane na jirani, na aliyeona Kiswahili kizito atumie Kisukuma. Ule mvumo, Bibi! Mwalimu wa chumba cha pili alikuja mlangoni kuangalia kama nipo.

Sasa, nilikuwa nimekuja na muwa. Jirani yangu anayo michache karibu na mbuga, alinipa mmoja bure, kwa hiyo mama wa Kilifi hapo hakuna aliyeingia hasara. Kijana mmoja wa sakafuni, ambaye kwenye rejista nimemwekea alama za utoro nyingi kuliko mtu yeyote maana ndiye anayechunga nyumbani kwao, alisimama bila kuitwa. Akasema, "Tukiwa watatu machungani muwa unatutosha. Akija wa nne, kila kipande kinapungua." Nikamwita mbele. Nikampa kamba, akaupima muwa, akaikunja kamba mara tatu, akaweka alama za chaki kwenye ganda. Kisha akaikunja mara nne, akaweka alama upande wa pili. Kipande cha theluthi kikaonekana kimekipita cha robo waziwazi. Hakuna aliyepiga makofi. Waliokuwa nyuma walipanda juu ya madawati kuona.

Nikauliza tena vidole. Vidole viwili vilikuwa vingi, nikahesabu waliobaki na kidole kimoja badala yake: kumi na saba. Hao kumi na saba niliketi nao wakati wa mapumziko na vipande vya mabua, na wanane kati yao ni wale wa Kiswahili kizito. Kwa hiyo sasa najua shida ya hao wanane iko wapi, na haiko kwenye sehemu.

Kaka Mtaaluma, mazoezi sijayaacha. Nimeyapunguza toka kumi hadi manne, na la nne kila siku ni "andika umepataje". Sisahihishi yote 108. Nasoma ya dawati nane kwa siku na baadhi ya wa sakafuni, kwa zamu. Nasoma kweli.

Kuna jambo moja silijui, Bibi. Wakati kijana yule anakata, kuna binti mdogo alinyoosha mkono akasema mgao ule si wa haki. Nikamwambia mbona vimelingana, tumepima kwa kamba. Akasema, "Anayepata shina anakula utamu, anayepata ncha anakula maji." Darasa zima likakubaliana naye. Na ni kweli, muwa ni mtamu chini. Nilisimama pale sina la kusema, kengele ikagonga.

Mtaaluma_Kata

Hiyo ya "andika umepataje" nitaijaribu Jumatatu. Ukiwa na maswali mengine ya aina ile ya majibu matatu yaweke hapa, ya kugawanya hasa. Wangu wanapotea kwenye baki.

BibiMwalimu

Marahaba mwanangu. Nimeisoma mara mbili, nikamsomea na mjukuu wangu.

Na yule binti wa shina na ncha, umemjibu nini? Maana huyo hajakosea hata kidogo. Urefu umelingana, utamu haujalingana. Usimwache hivihivi.

ChakiNyeupe

Nilimwambia ukweli, kwamba sijawahi kulifikiria, na kwamba nikipata jibu nitamletea. Leo asubuhi alinisubiri kwenye mti wa bendera na muwa wa kwao, umepasuliwa kwa panga toka shina hadi ncha, vipande vinne vyembamba virefu. Akasema, "Hivi, mwalimu. Kila mtu anapata chini na juu."

Kipindi cha tatu atausimamia yeye. Kaka Mtaaluma, maswali ya baki nakuandikia jioni.